TAHADHARI: Muuza laptop Kariakoo anabandika stika ya i7 kwenye i3

Jamani, anayetafuta laptop ya used Kariakoo asome hapa kabla hajatoa hela. Nimepigwa laki sita na nusu: nimeuziwa i3, prosesa (ubongo wa mashine) ya ngazi ya chini, kwa jina la i7, ya ngazi ya juu. Na yule kijana bado yupo dukani anauza.

Mnanijua, sinunui vitu vya kutembezwa. Hili ni duka kamili, lina kaunta ya vioo, na aliyenielekeza alinunua simu palepale, anaitumia mpaka leo. Nilitaka mahali pa kurudi likitokea la kutokea. "Karibu dada yangu, kaa kwanza." Akatoa mashine tatu, mbili akaziponda mwenyewe: hii betri imechoka, hii kioo kina doa, hizi sikupi. Muuzaji anayekukataza kununua utamshuku vipi? Ya tatu akaifuta kwa kitambaa, taratibu, akaiwasha. Stika ya i7 inang'aa pembeni ya kibodi. Akafungua ukurasa wa taarifa za mashine, akanigeuzia: "Soma mwenyewe dada, nisije nikaonekana mwongo." Nikasoma kwa sauti, Intel Core i7, RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 8, naye anaitikia. Akaapa ndani mna SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 500, mzigo wa Dubai. Nikamhesabia hela, akazirudia kuzihesabu, akanipa na begi la bure.

Nyumbani mdogo wangu akifungua programu yake ya kuchora, mashine inaganda, feni inanguruma. Fundi akaizima, akaiwasha huku anabonyeza F10, ikaingia BIOS, ukurasa wa mashine yenyewe unaofunguka kabla ya Windows. Huko ndiko ukweli ulikokuwa: i3-2350M. Prosesa ya 2011! Jina la i7 walilipachika kwenye rejista ya Windows (sehemu inakohifadhi mipangilio yake), ndiyo maana ukurasa ule ulisoma uongo. Kufungua mfuniko wa chini, SSD hakuna, ni hard disk ya zamani.

Niliporudi akanijibu mbele ya wateja, "Mali ikishatoka dukani hairudi," akaendelea kuhudumia wengine. Risiti yenyewe ya mkono, si ya EFD (mashine ya risiti ya TRA), imeandikwa "laptop 1" basi. Huyu ni wa kukamatwa! FCC (Tume ya Ushindani) wanaokamata bidhaa bandia wapite na kwake, maana stika ya uongo kwenye mashine ni ubandia uleule. Afungiwe duka na arudishe hela za kila aliyemliza. Kuna wazazi wanauza mazao ili mtoto aende chuo na laptop, halafu mtu anawafanyia hivi huku anawaita dada na mama!

Mnaokwenda, mwambieni aizime na kuiwasha mbele yenu, muingie BIOS (HP ni F10, Dell ni F2). Angalieni namba inayofuata i3, i5 au i7: ikiwa ya tarakimu nne na inaanza na 2, ni kizazi cha pili, 8 ni cha nane. Intel za chini ya kizazi cha nane, karibu zote, Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 Microsoft waliiacha Oktoba 2025. Diski ya GB 500 kusomeka 465 ni kawaida, hapo msigombane na mtu. Ila akisema "memori 500" aseme ni ipi, maana RAM ni ya kufanyia kazi, diski ni ya kutunzia. Prosesa, RAM na aina ya diski viandikwe kwenye risiti ya EFD. Akisita kuizima mashine, ondokeni na hela zenu.

Anayetaka jina la duka na mtaa anitumie ujumbe pembeni, nampa leo leo.