Mbasa mtamu, viti vibaya, na mtoto wangu aliyetafutiwa "sehemu ya faragha"

Jamani habari zenu wapenda kula nje. Hii nimeichelewesha makusudi maana ningeandika siku ile ile ningetukana. Mgahawa siutaji, upo hapa hapa Mbeya mjini, una vioo mbele na maua ya plastiki ukutani yale ya kupigia selfi, wenyeji mtajiongeza.

Ilikuwa wiki ya Nane Nane, yale maonyesho ya wakulima. Tunatoka viwanja vya John Mwakangale mimi, wifi yangu, mama mkwe aliyekuja na kosta asubuhi kutoka Tukuyu, na mwanangu wa miezi minne na nusu mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Kule uwanjani nilikuwa nimeshanyonyesha mara tatu. Mara ya kwanza kwenye banda la mbegu nimekalia mfuko wa mbolea, mara nyingine pale kwenye ng'ombe wa maziwa na yule kaka mwenye ng'ombe akaendelea tu kunieleza ng'ombe wake anatoa lita ngapi asubuhi na ngapi jioni, hata hakukatisha sentensi, na ukiangalia vizuri mimi na yule ng'ombe tulikuwa kwenye kazi moja hahaha.

Basi njaa ikauma, wifi akasema kuna sehemu mpya tukajaribu, leo analipa yeye. Nikasema twende.

Chakula kwanza, nisije nikaonekana nina chuki. Tuliagiza wali mbasa (yule samaki wa Ziwa Nyasa) sahani mbili na mama akataka ndizi nyama. Mbasa ni wa Kyela kweli, siyo wale wa kukaa kwenye friza mpaka ladha inahama, amekaangwa kwanza halafu akaungwa na nyanya na nazi kidogo, mwiba unatoka wenyewe. Wali wa Kyela unanukia kabla sahani haijafika mezani. Ndizi mama alisema zimeiva ila chumvi wameogopa. Elfu 12 sahani ya mbasa, kwa Mbeya hiyo bei imechangamka lakini samaki alikuwa mkubwa, silalamiki. Juisi ya parachichi achaneni nayo, ni maji ya kijani. Yaani Rungwe hiyo hapo parachichi zinadondoka zenyewe halafu mnanipa maji ya kijani elfu 4!

Sasa viti. Najua hakuna anayeandika habari za viti ila wenye watoto wachanga mtanielewa. Vya katikati ni vile virefu vya kaunta, miguu inaning'inia, huko usijaribu na mtoto. Vya pembeni vina mikono ya chuma, ukimlaza mtoto kwenye paja kichwa kinagonga chuma, ukigeuka upande wa pili kinagonga tena. Nikahamia kiti cha mwisho karibu na dirisha ambacho mkono wake mmoja umevunjika, na hicho kilichovunjika ndicho kiti bora kuliko vyote mle ndani, wasikitengeneze.

Mtoto akaanza kulia. Nikafungua, nikatupia kanga begani, akashika titi akatulia. Nasisitiza kanga ilikuwepo kwa sababu nimeshaulizwa na watu watatu "kwani hukujifunika?" Nilijifunika. Ila mtoto wa miezi minne na nusu ameshajua kushika, na kitu anachopenda kushika ni kanga, anaivuta, anaipiga teke, anatoa kichwa nje aangalie taa halafu anarudi. Huwezi kumwambia heshimu watu.

Haijapita hata dakika tano akaja mhudumu, binti mdogo hivi, amekumbatia trei kifuani kwa mikono miwili kama ngao. Akainama, akaongea kwa sauti ya chini mpaka nikamwambia rudia. "Samahani dada, meneja anasema kama hutajali kuna sehemu ya faragha unaweza kwenda kumalizia."

Nikauliza sehemu gani. Akasema kuna baraza ya nje, au kile chumba cha nyuma wanachobadilishia nguo wafanyakazi. Baraza ya nje, Mbeya, mwezi wa nane, saa 12 jioni, upepo unashuka kutoka mlima Loleza moja kwa moja kwenye mgongo. Nikamuuliza hicho chumba kina kiti? Akanyamaza. Wifi akaenda kuchungulia, akarudi anasema kuna kreti za soda, ndoo ya kupigia deki, na kuna kaka anavaa suruali.

Mama mkwe mpaka hapo alikuwa hajaelewa, alidhani tunaletewa kitu cha ziada. Alipoeleweshwa akamwangalia yule binti, akaniangalia mimi, akamuuliza, "Kwani mtoto amekosea nini?" Basi. Hakupaza sauti wala nini, akarudi kwenye ndizi zake.

Meneja akaja mwenyewe. Kijana mtanashati, shati limenyooka, anaongea vizuri tu, na hapo ndipo nilipochoka zaidi maana mtu wa kugombana naye angekuwa afadhali. Akasema "mama sisi hatuna tatizo kabisa na kunyonyesha, ila hii ni sehemu ya hadhi ya kimataifa na kuna wateja hawajisikii vizuri." Nikageuka kuwatafuta hao wateja. Kulikuwa na vijana wawili wanaangalia mpira kwenye tivii, hao hata ningewaka moto wasingegeuka. Mzee mmoja na supu yake. Na meza ya kina dada watatu, mmoja wao ndiyo alikuwa ameangalia pembeni. Kama ni yeye simlaumu, shingo ni ya kwake, aangalie anakotaka. Lakini kutoka mtu kuangalia pembeni mpaka mimi kupelekwa kwenye kreti za soda, hapo katikati kuna uamuzi umefanywa na mtu mwingine.

Na hiyo kimataifa jamani. Uingereza sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 inakataza mgahawa kumtoa au kumsumbua mama kwa sababu ananyonyesha. Marekani mpaka 2018 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya kumruhusu mama kunyonyesha hadharani. Kwa hiyo kimataifa hiyo ni ya wapi? Huku kwetu mama ananyonyesha kwenye kosta, kanisani mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, kwenye foleni ya benki, kwa mama ntilie Mwanjelwa ndiyo anakusogezea na benchi ukutani uegemee. Haya mambo ya kustukia titi la mama mwenye mtoto yameanza juzi yalipokuja maua ya plastiki.

Wifi yangu nimpe haki yake, yeye alikuwa upande wa meneja kidogo. Alisema dada ungenyonyesha kwenye bajaji kabla hatujaingia. Sawa, ila mtoto huyu ananyonya bila ratiba, kliniki wamenisisitiza maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji hapana, halafu kuendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Piga hesabu ni mara ngapi kwa siku. Na wiki ile ile ya Nane Nane, tarehe 1 mpaka 7 Agosti, ndiyo Wiki ya Unyonyeshaji Duniani!

Nikakataa kuhama. Nilimwambia meneja kwa upole kwamba nikihama mtoto atalia na hao wateja watajisikia vibaya zaidi. Akatabasamu lile tabasamu la kazini akaondoka.

Lakini kilichonifanya niandike hiki hapa siyo meneja. Yule binti alirudi kufuta meza. Trei ameiacha kaunta. Sare yao ni tisheti ya kijivu, na kijivu hakifichi kitu, nikaona upande wa kushoto pameloa, duara kama la kifuniko cha chai. Aliyewahi kunyonyesha ameshaelewa, ukisikia mtoto analia hata wa jirani kifua kinaitika chenyewe, huna breki. Kumbe ile trei haikuwa ngao ya kuniogopa mimi.

Nikamuuliza taratibu, wako ana muda gani? Akasema mitano. Anakaa na bibi yake. Nikamuuliza huwa unakamua? Akaangalia kaunta kwanza. "Nikamulie wapi dada, kule nyuma wakaka wanabadilisha." Chumba kile kile nilichoambiwa mimi kina faragha.

Mimi kazini kwangu afisa utumishi alinisomea, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 33, likizo ya uzazi siku 84, ukijifungua mapacha siku 100, na ukirudi mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, jumla mpaka masaa mawili kwa siku. Nilipomtajia yule binti alicheka. Siyo cheko la furaha. Akauliza "hiyo ni ya serikalini?" Nikamwambia hapana, hata hapa. Akachukua sahani akaondoka, na sitasema zaidi kuhusu yeye asije akapoteza kibarua kwa ajili yangu.

Mama mkwe wakati tunatoka alimshika mkono akamwambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na kumwekea elfu 5 ambayo najua ilikuwa nauli yake ya kurudi, ikabidi wifi aongeze.

Nyota sasa. Mbasa 5. Juisi 1. Usafi 4, sinki la kunawia lina maji ya moto, na kwa baridi ya huku hilo nimelipenda kweli. Viti 1, na hiyo moja ni ya kile kilichovunjika. Ukarimu nimeshindwa kutoa namba kwa sababu aliyenihudumia vizuri na aliyetumwa kunitoa ni mtu mmoja.

Mwenye hamu ya huyo samaki apige simu wamfungie, wanafunga vizuri, mchuzi haumwagiki hata kwenye bajaji ya kwenda Uyole. Mwenye mtoto mchanga akitaka kukaa kabisa, aende mapema awahi kiti cha dirishani.