Hamada kwa herufi kubwa, na mlinzi aliyenifukuza kwa tabasamu

Nilitoka nyumbani nikiwa tayari kutoa nyota tano, wala sitanii. Vyungu ni ugonjwa wangu. Jumba lenyewe la makumbusho silitaji, ni hapa hapa Uingereza, na maonyesho yalikuwa ya Bernard Leach na Hamada Shoji, Mwingereza na Mjapani waliofungua karakana ya ufinyanzi St Ives, Cornwall, mwaka 1920. Walifikia mahali penye kuni haba na udongo mkaidi, bado wakang'ang'ania tanuru la vyumba linalopanda mteremko, la Kijapani kabisa. Likawasumbua mpaka akaja fundi Matsubayashi kutoka Japani kulijenga upya. Chumba cha tanuru kimepangwa vizuri, sina neno.

Balaa lilianzia kwenye bakuli moja la Hamada. Alipokuwa St Ives alikuwa akigonga muhuri kwenye kazi zake. Aliporudi Japani na kuhamia Mashiko, akaacha kabisa kutia alama. Kwa hiyo ukitaka kubahatisha bakuli limetoka tanuru lipi, unatazama kwa chini, kwenye kitako. Tena maelezo yao wenyewe ukutani yanasema mgeni wa chai kule Japani akimaliza kunywa hulipindua bakuli akague kitako chake. Mimi la kupindua sina, liko ndani ya kioo. Nikachuchumaa.

Mlinzi huyo, mbio. "Madam, vitu vya Kiafrika viko ghorofa ya chini."

Nikamwambia namtazama Hamada. Akanipa lile tabasamu la kumwelekeza mtoto aliyepotea sokoni, akanyoosha mkono kwenye ngazi: "Chini. Utavipenda." Hatua chache kutoka pale, mzee wa Kizungu alikuwa amepiga magoti mbele ya sahani ya Leach, miwani inagusa kioo. Yeye hakuonyeshwa ngazi.

Somo nililotaka kumpa halikunitoka pale, basi lipokeeni ninyi. Michael Cardew, miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Leach, aliingia St Ives mwaka 1923. Baadaye akaenda Ghana, kisha Nigeria, akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani, mji unaoitwa Suleja leo. Hapo ndipo alipofanya kazi Ladi Kwali, fundi aliyekuja na ufundi wake kutoka kwao. Na hapo hapo, mwaka 1974, akafika Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi. Kwa hiyo mnaniambia nishuke ngazi niende wapi? Hadithi hii ni ya kwetu pia! Kwenye kuta zile Abuja haikutajwa hata mara moja.

Nikashuka, kwa hasira tu. Kabati, vyungu, vingine vizuri kuliko vya juu, na kibandiko: "Afrika Mashariki, karne ya 20." Jina la aliyefinyanga, hakuna. Ghorofa ya juu wanamsifu Hamada kwa unyenyekevu wa kutotia jina, na jina lake limejaa ukuta mzima. Huku chini kuna mama ambaye naye hakutia jina, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza.

Nyota mbili. Ingawa, nikiwa mkweli, lile bakuli... rangi ya jivu imeteremka ubavuni ikasimama yenyewe kabla ya kufika kwenye kitako, na kitako kimeachwa udongo mtupu. Nilirudi juu kulitazama tena, nikachuchumaa tena makusudi, na muhuri sikuuona. Kwa ajili ya hilo peke yake ningelipa tiketi mara ya pili. Haya, nne. Mlinzi mmoja asiwanyime kuliona.

Nilikuwa nimefika hapa jibu la barua pepe yangu ya malalamiko likaingia. Wanashukuru kwa maoni yangu, na kama fidia wamenialika kwenye ziara ya bure ya mkusanyiko wao wa Afrika.

Nyota moja.