Mtindi wa njia ya Wawi, kwa tumbo lisilotaka maziwa

Mie chai ya maziwa niliiacha miaka sita sasa. Kikombe kimoja asubuhi, haijafika adhuhuri tumbo limejaa, linaunguruma hadi wa meza ya pili kazini anasikia. Daktari alinieleza kwamba maziwa yana sukari yake, laktosi, na utumbo huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho kwa watu wengi hupungua wakishatoka utotoni. Sukari isiyovunjwa huteremka utumbo mpana, bakteria wa huko wakaichachua, na hapo ndipo gesi inapotoka. (Tui la nazi halina laktosi. Alhamdulillahi, wali wangu umesalimika.)

Nikaambiwa nijaribu mtindi. Nilianza na wa kopo wa dukani, wa ladha ya stroberi. Mtamu kama sharubati, na tumbo likajaa vilevile. Kuligeuza kopo, nasoma kuwa umepashwa moto baada ya kuganda. Bakteria washauliwa, sasa nani wa kunisaidia?

Huyu bibi ninayemsifu hapa yuko njia ya Wawi ukitoka Chake Chake, kisiwani Pemba, anauzia kibarazani kwake, hana hata kibao. Maziwa anayachemsha kwanza mpaka yapande. Nilimuuliza makusudi, kwani maziwa mabichi huweza kubeba maradhi ya ng'ombe. Kisha anayaacha yapoe mpaka kidole kistahamili, anatia kijiko cha mtindi wa jana, anaifunika sufuria kwa kanga hadi asubuhi. Anachota kwa upawa, polepole, na pale alipochota panabaki shimo lenye kingo zilizosimama, maji ya manjano yakijitia ndani kidogo kidogo. Mtindi uliokorogwa hauwi hivyo.

Siku ya kwanza nilikula nusu kikombe na boflo, nikakaa karibu na choo. Hakikuja kitu.

Laktosi haiondoki yote, lakini. Sehemu yake hugeuka asidi, ndiyo ukali ule, na bakteria walio hai huja na laktesi yao wakaendelea na kazi tumboni. Hilo nililielewa siku niliyojitia ushujaa nikamaliza vikombe viwili vya mtindi mchanga. Usiku sikulala. Kesho yake bibi akanicheka: "Ule ulikuwa mchanga, mwanangu. Wewe chukua wa jana." Tangu hapo nachukua wa jana, kikombe kimoja, na juu ya chakula.

Ila si dawa ya kila tumbo. Dada yangu ana vidonda vya tumbo, aliunywa wiki mbili akitaraji makubwa, haukumfanyia kitu. Na mwenye mzio wa maziwa asiuguse kabisa, maana huyo hagombani na sukari, anagombana na protini, na protini imo vilevile.

Kasoro zake: ukikosa chombo anakutilia kwenye chupa ya maji iliyokwishatumika, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Umeme ukikatika mchana, wa jioni unakuwa mkali kama ndimu. Bei ni shilingi 1,500 nusu lita, haki yake. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi na kidumu chako. Ijumaa usijisumbue, hauzi.