Uzoefu wangu: kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha moja ya Rembrandt

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ambayo haianzi na matunda wala mitungi, bali humtaka mwanafunzi anakili picha moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: Somo la Anatomia la Daktari Nicolaes Tulp, aliyoichora Mholanzi Rembrandt mjini Amsterdam mwaka 1632, ikimwonyesha daktari huyo akiwafundisha wapasuaji kwa maiti iliyopasuliwa mkono. Picha yenyewe, iliyomo katika makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, ina upana wa zaidi ya mita 2. Sisi tuliinakili kwa robo ya vipimo vyake, hata kila uso ukatoshana na yai la kuku.

Wiki mbili za kwanza tulitumia rangi ya kahawia peke yake, iliyozimuliwa kwa tapentaini, na mwalimu alitukataza kugusa macho au ndevu za mtu yeyote. Niliona napotezewa muda, mpaka nilipofumba macho nusu nikaitazama picha upya: mavazi meusi ya wapasuaji yameungana na giza lililo nyuma yao, na kinachobaki ni nyuso, kola nyeupe na mwili wa maiti, ambao ndio unaong'aa kuliko vyote. Kuanzia hapo sikuwaona tena watu wanane na maiti, niliona umbo moja.

Mkono wa maiti uliopasuliwa ulinichukua siku nne. Tulp ameinyanyua misuli kwa koleo, na kwa mkono wake mwingine anaonyesha jinsi misuli hiyo inavyokunja vidole. Wangu ulikuwa mwekundu mno, kama nyama ya buchani, hadi mwalimu aliponielekeza niutulize kwa kijivu.

Boksi la vifaa wanaloliuza sikulipenda, kwa sababu brashi zake zinanyonyoka na nywele zinaganda ndani ya rangi. Ratiba nayo haizingatii hali ya hewa: hapa Dar es Salaam, wakati wa masika, tabaka la giza lilikuwa bado bichi nilipoweka kola ya Tulp, ikageuka rangi ya moshi.

Hata hivyo ninaipendekeza kwa moyo wote, ila mwenye kazi ya kutwa asitegemee wiki 10 walizotangaza. Mimi nilitumia 16, na uso wa yule aliye juu kabisa, anayetutazama sisi, nimeufuta kwa kitambaa mara tatu na bado naurudia.