Godoro la baiskeli

Nina kilo 118, na sioni haya kuzitaja. Kilichonitia haya ni yule kijana muuza vipuri vya baiskeli wa mjini, alipocheka mbele ya wateja wengine akaniambia: "Mzee, kiti kizima hiki. Punguza pilau."

Nilikuwa nimerudisha kiti cha jeli alichoniuzia mwenyewe, kama siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Siku ile alikibonyeza kwa kidole gumba: "Godoro hili, mzee. Mashimo hutayasikia." Na kweli sikuyasikia. Sikusikia chochote! Natoka nyumbani Likoni vizuri, navuka feri vizuri, nikianza kupanda ule mlima wa upande wa kisiwani Mombasa, huku mbele kote kushakufa ganzi. Kazini Makupa nafika natembea kama aliyetahiriwa jana.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa Mwembe Tayari, tena bure. Alinikalisha barazani juu ya kipande cha boksi, niiname kidogo kama ninayeendesha. Nilipoinuka, vishimo viwili: mifupa ya makalio. Akapima kutoka kimoja hadi cha pili, sentimita 14. Mzigo wote, akasema, ubebwe na mifupa hiyo miwili, na kiti kiizidi kidogo kwa upana, hasa kwa mtu anayekaa wima kama mimi. Jeli nene hubonyea, mifupa ikazama, basi nyama laini ya katikati ndiyo inayoubeba mwili. Yule kijana na duka lake zima hakulijua hilo? Au alijua akanyamaza, ili apate cha kuchekea?

Fundi akanifungia kiti kigumu cha ngozi chenye springi, kilichotoka kwenye baiskeli kuukuu ya Black Mamba. Wiki ya kwanza niliumia nikamlaani naye. Kumbe pua ya kiti, ile ncha ya mbele, ilikuwa imeinuka. Akalegeza nati, akaishusha kidogo, kwisha. Sasa naenda na kurudi bila ganzi, ingawa nikipita kwenye matuta springi zalia kama paka.

Kwa hivyo viti vya jeli msinunue. Au nunueni, sijui. Kile changu mke wangu kakifunga kwenye baiskeli yake ya kwendea dukani, mwendo wa dakika kumi, na kila jioni anakisifu. Juzi ameniambia eti nikamshukuru aliyeniuzia. Mguu wangu haukanyagi pale, na pilau sipunguzi.