ELM327 ya bei chee na IST inayotetemeka: uzoefu wangu hapa Unguja

Nilikinunua Darajani kwa shilingi elfu thelathini, baada ya kubembeleza bei mpaka muuzaji akachoka. Ni kijisanduku cha buluu cha kusomea kompyuta ya gari, kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, kinazungumza na simu kwa Bluetooth. Juu kimeandikwa ELM327. Wengi wanaonunua kifaa hichi naona wanasoma namba ya kosa, wanafuta taa ya injini, basi, wamemaliza. Mimi nasema namba ya kosa ndiyo kitu cha thamani ndogo kabisa kinachokupa.

Tuanze na uhalisi wake, maana wauzaji wanaapa. ELM327 ni chipu iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, Elm Electronics, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Hivi vya madukani kwetu ni nakala. Changu kimeandikwa toleo la 1.5, na kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo la 1.5! Hata hivyo kinafanya kazi. Nimekiunganisha na programu ya Car Scanner, ile ya bure, kwenye simu ya Android. Mwenye iPhone asichukue hichi cha Bluetooth ya kawaida, hakitampokea. Atafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth ile ya umeme mdogo, BLE.

Sasa gari. Ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Barabarani ilikuwa haina neno, unaikanyaga kuelekea Tunguu inakwenda vizuri tu. Kasheshe ilikuwa kwenye foleni. Ukisimama Mwanakwerekwe, mguu kwenye breki, gia D, AC imewashwa, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unashuka chini ya 600, unapanda, unashuka tena, na usukani unatetemeka mkononi. Injini hii ikishapata moto inatakiwa itulie kwenye mizunguko 650 hadi 750 hivi.

Fundi wangu ni mtu mzima, gereji yake iko upande wa Amani. Alishabadilisha plagi zote nne na kusafisha throtoli, ule mlango unaopitisha hewa ya injini. Gari ikatulia kidogo, halafu ikarudi kulekule, na taa ya injini ikawaka. Nikapima: P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko ni mwembamba, hewa nyingi, mafuta kidogo. Fundi aliposikia mafuta kidogo akasema hapohapo: pampu ya mafuta. Huwezi kumlaumu, maana P0171 inaweza kutokana na pampu iliyochoka, filta iliyoziba, nozeli chafu, sensa ya hewa yenye vumbi, au hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Namba haikwambii ni lipi. Ukinunua pampu kwa sababu ya P0171 unacheza bahati nasibu, na pampu si bei ya embe.

Hapa ndipo kifaa kilipoanza kulipa pesa yake. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuangalia data moja kwa moja injini ikiwa inanguruma. Tafuta vitu viwili, STFT na LTFT. Hayo ni marekebisho ya mafuta, la kwanza la muda mfupi, la pili la muda mrefu. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Ikiona mafuta hayatoshi inaongeza, ikiona yamezidi inapunguza, na hiyo asilimia ndiyo inayokuonyesha. Jumla ya zote mbili ikicheza kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10, hapo hapana tatizo kubwa. Lakini usisome injini ikiwa baridi. Subiri joto la maji lifike nyuzi 80 na kitu, kabla ya hapo kompyuta inaweza kuwa haijaanza kuisikiliza sensa.

Yangu, ikiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa, LTFT ilikuwa 19 na STFT inarukaruka juu ya 6. Yaani kompyuta inaongeza robo nzima ya mafuta ili gari isizime. Nikakanyaga na kushikilia mizunguko 2,500. Zote mbili zikashuka, jumla ikabaki 5 tu.

Huo mshuko ndio jibu lenyewe. Sensa ya hewa ya gari hii iko mwanzoni, karibu na ea klina, na inapima hewa inayopita mbele yake. Kukiwa na mpira uliopasuka baada ya hapo, injini inavuta hewa ambayo haikuhesabiwa. Sailensa injini inahitaji hewa kidogo sana, kwa hivyo ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga, throtoli inafunguka, hewa halali inakuwa nyingi mno, ile ya wizi haionekani tena. Pampu iliyochoka ingefanya kinyume: sailensa ingeweza kuonekana nzima, halafu asilimia ingepanda kila unapoikamua. Sensa chafu nayo khasa hujulikana ukiwa na mzigo.

(Hii ni kwa gari zenye sensa ya kupima hewa inayopita. Kuna gari, baadhi ya Honda na Suzuki kwa mfano, zinazopima mgandamizo ndani ya manifoldi, ile mirija inayogawa hewa kwenye silinda. Hizo zikivuja hewa mara nyingi sailensa inapanda tu, na asilimia zinaweza zisisogee sana. Usizisome kwa kanuni hii.)

Nikampelekea fundi simu. "Ami, tusinunue pampu kwanza. Inavuta hewa mahali." Akaangalia skrini, akaniangalia mimi. "Mwanangu, siku hizi simu ndo fundi?" Lakini alichukua koleo, akaanza kuibana mipira mmoja mmoja taratibu, mimi nikimsomea namba. Alipobana mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, sauti ya injini ikabadilika na STFT ikadondoka palepale. Ufa ulikuwa upande wa chini, usioonekana mpaka uukunje. Mpira umekauka kwa joto, umekuwa mgumu kama muwa. Kwa hivyo kifaa hakikupata ufa, mikono ya mtu ndiyo iliyoupata. Kifaa kilituzuia tu tusiende kwenye tangi kubadilisha pampu.

Wapo mafundi wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira ili wasikie injini ikibadilika. Inafanya kazi, lakini dawa ile inashika moto na injini ni ya moto. Mimi naona koleo linatosha.

Mpira ulikuja kwa boti kutoka Dar. Baada ya kuufunga LTFT haikushuka siku hiyohiyo, inajifunza polepole, ila baadaye ilitua chini ya 5 na gari ikasimama foleni imetulia, AC na yote. Na kwa bei za mafuta ambazo ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, inatangaza kila mwezi, sikupenda kuendelea kuchoma ile ziada.

Kazi yake ya pili ilikuwa Noah ya shemeji yangu, anayebeba wageni kwenda Nungwi. Yeye gari yake ilikuwa inamisi, yaani silinda inaruka bila kuchoma mafuta, na taa ya injini inawakawaka badala ya kutulia. Taa ikiwakawaka usiendelee na safari, mafuta yasiyoungua yanakwenda kuunguza masega ya kusafishia moshi yaliyo kwenye bomba. Kifaa kikatoa P0303, yaani silinda ya tatu. Tukahamisha koili (inayoipa plagi umeme) ya tatu kwenda ya kwanza, ya kwanza ikaja ya tatu, tukafuta kosa, tukawasha. Ikaja P0301. Kosa limefuata koili, basi koili ndiyo mbovu, plagi na nozeli ziachwe. Kiungio chake kilikuwa na kutu ya kijani, gari inalala Kizingo, upepo wa bahari usiku kucha.

Udhaifu wake ni huu. Hakipimi presha ya mafuta wala kompresheni. Gari ya mwenzangu ya miaka ya tisini, iliyotengenezwa kwa soko la Japani, haikujibu kabisa. Kinakatika Bluetooth katikati ya kazi, na ukikiacha kimechomekwa wakati gari imelala kinakunywa betri. Pia hakioni kitu cha kimakanika: kama namba zote zimetulia na gari inatetemeka ikiwa D lakini ikiwa N iko shwari, kaangalie mauntingi, ile mipira inayoishikilia injini. Jambo jingine, mkono wa kufuta makosa uwe mzito. Ukifuta unapoteza ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa kosa lilipotokea, na LTFT inaanza upya, ukimpelekea fundi hana cha kusoma. Piga picha skrini kwanza.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano ingekuja kama kingekuwa na swichi ya kuzimia.