Siku Moja Katika Korongo la Olduvai: Mwongozaji Hodari, Kijitabu Kibovu

Mwezi uliopita nilijiunga na safari ya kielimu ya siku moja kwenda Korongo la Olduvai, iliyoandaliwa na kampuni ndogo ya utalii ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nimekwisha kuwapelekea malalamiko yangu na wameyapokea kwa heshima. Tangazo lao halikuahidi wanyama wala picha za machweo. Liliahidi kwamba msafiri angefundishwa kuisoma miamba kama wanajiolojia wanavyoisoma. Ahadi hiyo ndiyo iliyonivuta, na kwa ahadi hiyo ndiyo ninavyoipima huduma yao.

Gari lilikuwa safi, tuliondoka kwa wakati, na chakula cha mchana kilitosha. Hayo nayamaliza hapa.

Kilichonistahilia nauli yangu ni mwongozaji. Tulipofika kwenye ukingo unaotazama korongo, ambalo kwa sehemu kubwa lina kina cha karibu mita 90, abiria mmoja aliuliza mara moja kila mstari una miaka mingapi. Mwongozaji alikataa kujibu. Alituomba kwanza tueleze tunachokiona tu: wapi rangi inabadilika, wapi ukuta umesimama wima na wapi umeporomoka na kuwa mteremko, wapi kuna utepe mwembamba mweupe na wapi kuna kokoto zilizopangika kama sakafu ya mto mkavu. Tulitumia karibu saa nzima katika zoezi hilo, na mwanzoni nilidhani anapoteza muda wetu. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mwanajiolojia anapougawa mwamba mkubwa katika sehemu zenye majina, alitueleza, hauangalii kwanza umri bali sifa: mwamba ni wa aina gani, una madini gani, chembe zake ni kubwa au ndogo, rangi yake ikoje, na umekaaje juu na chini ya majirani zake. Kipimo cha msingi ni fomesheni, yaani mwili wa mwamba wenye sifa za kutosha kuutofautisha na ulio juu na ulio chini yake, na ulio mkubwa kiasi cha kuweza kuchorwa kwenye ramani. Fomesheni ikiwa na sehemu ndani yake inayojitenga waziwazi, sehemu hiyo huitwa memba. Kipande kidogo kabisa chenye sura yake ni tabaka. Na fomesheni kadhaa zenye undugu huunganishwa kuwa kundi. Jina kwa kawaida hutolewa kwa mahali, ili mtu yeyote aweze kurudi pale pale na kuhakikisha kwa macho yake.

Olduvai ina ukaidi wake katika jambo hili, na nilifurahi kwamba mwongozaji hakulificha. Hans Reck, Mjerumani aliyefanya kazi hapa mwaka 1913, aliyapa matabaka makuu namba kuanzia chini, la Kwanza hadi la Tano, na namba hizo zimeng'ang'ania hadi leo ingawa kila moja ya yale manne ya chini lina ukubwa wa fomesheni nzima. Watafiti waliofuata, hasa mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay, aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1976, waliliacha lile la Tano na kuligawa katika matabaka ya Ndutu na Naisiusiu; sehemu ya juu ya lile la Nne nayo ikatengwa na kuitwa matabaka ya Masek. Ndutu na Masek ni majina ya maziwa yaliyo karibu na chanzo cha korongo. Kwa hiyo katika ukuta mmoja mgeni anakuta namba chini na majina juu, mithili ya nyumba ambayo ghorofa zake zilijengwa na mafundi wa zama mbalimbali.

Tabaka la Tatu ndilo lililompa kila abiria furaha ya kutambua kitu bila msaada, kwa maana wekundu wake unaonekana kutoka mbali. Lakini hapo hapo mwongozaji akatutega. Alichora korongo mavumbini kwa fimbo na kutuonyesha kwamba kadiri mtu anavyoelekea magharibi, wekundu huo unafifia na tofauti kati ya la Tatu na la Nne inapotea. Je, mwanajiolojia anafanya nini hapo? Wengi wetu tulisema kwamba atauendeleza mstari kwa kukisia. La hasha, matabaka hayo mawili huandikwa pamoja kama kitu kimoja kisichogawanywa, kwa sababu sifa iliyoyatenganisha haipo tena. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya uaminifu wa elimu hii.

Kisha alifungua kisanduku chake cha sampuli, alizozikusanya nje ya eneo la hifadhi kwa kuwa ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuokota jiwe. Tulitazama majivu ya volkeno yaliyogandamana kwa lenzi ya mkononi, tukadondosha siki juu ya unga wa chokaa ukachemka polepole, na tukasaga udongo kidogo kwa meno ya mbele ili tujue kama una chembe za mchanga au ni mfinyanzi mtupu. Bibi mmoja aliyekuwa nasi alikataa katakata kutia udongo mdomoni. Simlaumu.

Sasa nije kwenye kijitabu. Kila abiria alipewa chake, kimechapwa kwa rangi kwenye karatasi nzuri, na ukurasa wake wa kati una jedwali linalooanisha rangi na umri, kana kwamba kila mwamba mwekundu popote ulipo una miaka ile ile na kila mwamba wa kijivu una yake. Hilo ni kosa, tena ni kosa la msingi, kwa sababu linageuza sifa ya mwamba kuwa kalenda. Tabaka la Kwanza peke yake lina lava upande wa mashariki, majivu ya volkeno, na mfinyanzi wa ziwa la magadi lililokuwa katikati ya bonde. Msomaji wa jedwali lile angeligawa katika zama tatu. Kinachofunga mpaka wake wa juu ni utepe wa majivu unaojulikana kama Tufu IF, na thamani ya tepe za namna hiyo ni kwamba majivu ya mlipuko mmoja huanguka kila mahali kwa muda mfupi, tofauti na mchanga wa mto unaohamahama kwa maelfu ya miaka.

Historia ya mahali hapa ingetosha kuwaonya waandishi wake. Reck aliyatenga matabaka mwaka 1913. Upimaji wa potasiamu na argoni, yaani njia ya kukadiria umri wa miamba ya volkeno, uliolipa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana mwaka 1959 katika Tabaka la Kwanza, umri wa takriban miaka milioni 1.75, ulitangazwa mwaka 1961. Kwa karibu nusu karne matabaka yalikuwa na mipaka na namba bila kuwa na miaka, na kazi iliendelea.

Kijitabu kinaeleza pia kwa nusu ukurasa mifupa ya binadamu ambayo Reck aliikuta ndani ya Tabaka la Pili na kuidhania kuwa ya kale kama tabaka lenyewe, lakini kinakatisha kisa kabla ya utamu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 udongo uliokuwa umeshikamana na mifupa ile ulichunguzwa, ukakutwa na vipande vyekundu vya Tabaka la Tatu na vya chokaa ya lile la Tano. Maana yake ni kwamba mtu yule alizikwa baadaye sana, katika shimo lililochimbwa baada ya matabaka ya juu kuwapo. Aliyeisuluhisha hoja hiyo hakuwa na saa ya kupimia miaka. Alikuwa na ujuzi wa kutambua vipande vya mwamba kwa sura na madini yake. Mwongozaji alipotusimulia hayo akiwa amesimama mbele ya ukuta wenyewe, kila mtu alinyamaza.

Kwa mwongozaji natoa alama tisa kati ya kumi, na ile moja namnyima kwa sababu mchana, jua lilipokuwa kali, alituharakisha kwenye matabaka ya Ndutu na Naisiusiu kama mtu anayefunga duka. Kwa kijitabu natoa tatu, mbili zikiwa za picha. Atakayekwenda aombe safari ya siku ya kazi, wakati makundi ni madogo, abebe kofia na lenzi yake mwenyewe kwa kuwa kampuni ina moja tu kwa abiria wote, na ule ukurasa wa kati aukunje asiusome.